Ni nani huyo darini? Kuishi na popo, komba na wageni wengine wa usiku

Swali tunaloulizwa mara nyingi kuhusu wanyama wa darini ni fupi: "Dawa ya popo inaitwaje, na inauzwa wapi?" Jibu letu nalo ni fupi, na humvunja moyo anayeuliza: dawa hiyo hatuna ya kumpendekezea. Kile anachouziwa mlaji kwa jina la dawa ya popo huwa, kwa kawaida, ni sumu iliyotengenezwa kwa kazi nyingine kabisa, kama vile kuua wadudu shambani, kuua panya au kufukiza nafaka ghalani, iliyobadilishwa jina mezani kwa muuzaji.

Tunaandika tukijua kwamba kero hii ni ya kweli. Dari ya jipsamu iliyogharimu fedha nyingi huota madoa ya kahawia, harufu kali ya mkojo hushuka hadi chumbani, na usingizi hukatizwa na mikwaruzo. Hatukusudii kumwambia mlaji avumilie tu. Tunachomwomba ni kwamba, kabla hajafungua pochi, ajue anamlipa nani amfanyie kazi gani. Katika jambo hili fedha nyingi hupotea kwa kumfukuza mnyama asiyekuwepo, na hatari iliyo kubwa kuliko zote haitoki kwa mnyama, bali hutoka katika pakiti.

Kwanza mtambue aliye juu

Dari moja inaweza kukaliwa na panya, popo, ndege, mijusi, na mara moja moja komba au kanu. Kila mmoja ana saa zake. Panya huanza pilikapilika giza linapoingia na huendelea usiku kucha: hukimbia kwa mstari, huburuta vitu, hutafuna mbao na hata nyaya za umeme. Popo hawakimbii. Sauti yao ni milio myembamba na mikwaruzo inayozidi katika nyakati mbili, yaani alasiri ya joto bati linapochoma, na machweo wanapojipanga kutoka. Wakishatoka dari hutulia, kisha kelele hurudi alfajiri. Kelele ya mchana kweupe, ya kutafuna na kurukaruka, huenda ikawa ya kindi. Na kishindo kizito juu ya bati, mithili ya embe lililoanguka, kisha kimya, kisha kishindo kingine mbali kidogo, aghalabu ni cha komba aliyeruka kutoka mtini.

Ushahidi wa pili ni kinyesi. Vinyesi vya panya na vya popo wadogo hukaribiana kwa ukubwa, na hapo ndipo wengi hukosea. Chukua kijiti, wala si kidole, ukibonyeze kimoja kilichokauka. Cha popo husagika kikawa unga, na ndani ya unga huo huonekana vipande vinavyometameta vya mbawa na magamba ya wadudu. Cha panya ni kigumu na hakisagiki kirahisi. Tena kinyesi cha popo hurundikana mahali pamoja, chini ya tundu wanalopitia au chini ya boriti wanayoning'inia, ilhali panya hutawanya chake popote anapopita.

Uthibitisho wa tatu hauna gharama yoyote. Kwa jioni mbili au tatu mfululizo, keti nje ukitazama ukingo wa paa, kuanzia dakika 15 kabla ya jua kuzama hadi giza litakapoingia. Mtu mmoja akae mbele ya nyumba na mwingine nyuma. Kama ni popo, watatoka wakifuatana, na utaliona kwa macho yako tundu wanalolitumia. Litie alama. Tutalirudia tundu hilo, kwa kuwa ndilo lililobeba sehemu kubwa ya kazi.

Popo wanaopenda kukaa chini ya mabati ni wale wadogo ambao mkia wao huchomoza nje ya utando. Wanahimili joto ambalo mnyama mwingine angelikimbia. Ndani ya paa la bati, mchana wa jua kali, joto huweza kupita nyuzi 40 za Selsiasi nao wametulia. Hula wadudu wanaoruka: mbawakawa, nondo, kumbikumbi na wengineo, wakiwemo wasumbufu wa mashamba na bustani. Husemwa kwamba popo mmoja humaliza mbu maelfu kwa usiku, na kwamba mwenye popo hana haja ya chandarua. Tusidanganyane. Mbu ni sehemu tu ya chakula chao, na chandarua kiendelee kutumika. Hata hivyo popo huyu ni mvunaji wa wadudu asiyelipwa mshahara, na kumfukuza darini si sababu ya kutaka afe.

Kwa nini sumu haifai

Tuzipitie moja moja, kama zinavyopatikana sokoni.

Chambo cha panya hakimfikii popo. Popo wa darini hukamata mdudu hewani; hashuki kulamba unga wa mahindi uliochanganywa na sumu. Atakayekula chambo hicho ni panya, kama yupo, na baada ya panya ni paka au bundi atakayemla panya huyo, au mtoto aliyekiokota kilipoanguka. Vyambo vingi vilivyosajiliwa huzuia damu kuganda na huua baada ya siku kadhaa. Kwa mtu aliyevila kwa bahati mbaya, matibabu yapo, nayo ni vitamini K, ili mradi afikishwe hospitali mapema na daktari aelezwe ni sumu gani. Ndiyo maana tunasisitiza kila mara kwamba pakiti isitupwe. Chambo kilichofungwa kwenye karatasi ya gazeti hakina pakiti, na daktari atabaki kubahatisha.

Dawa ya wadudu ikipuliziwa darini huweza kuua popo, lakini polepole. Popo aliyelegea huanguka uani, sebuleni au ndani ya tangi la maji, mahali ambapo watoto na paka humfikia kwa urahisi. Hivyo mnyama ambaye alikuwa juu, mbali na watu, sasa yuko mikononi mwao. Kwa nyumba zinazovuna maji ya mvua kutoka kwenye paa, iko hasara nyingine: dawa iliyorushwa chini ya bati na kwenye mianya ya ukingoni huishia kwenye mfereji, na kutoka mfereji hadi kwenye simtanki.

Sumu ya tatu ndiyo iliyotufanya tuyaandike makala haya. Ni vidonge vya kufukizia nafaka, vyenye fosfidi ya alumini. Kazi yake halali ni kuua wadudu katika shehena ya mahindi au mpunga iliyofunikwa na kuzibwa, mahali wasipolala watu, chini ya usimamizi wa mtu aliyefunzwa. Kidonge kikikutana na unyevu, hata ule ulio hewani tu, hutoa gesi iitwayo fosfini. Vidonge hivi hupatikana vikiuzwa kimoja kimoja, bila chupa wala lebo, na anayenunua huambiwa avitupie juu ya dari jioni ili asubuhi aokote mizoga.

Fosfini ni nzito kidogo kuliko hewa. Anayefuata ushauri huo ameweka, juu ya kitanda cha watoto wake, kitu kitakachoshuka taratibu kupitia nyufa za dari, usiku, madirisha yakiwa yamefungwa. Wengine hujipa moyo kwamba wataisikia harufu, inayofanana na ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Harufu hiyo hutokana na uchafu uliochanganyika na gesi. Fosfini safi haina harufu, na pua si ya kutegemewa. Dalili zake ni kichefuchefu, kutapika, maumivu ya kichwa, kubanwa kifua na kuishiwa pumzi, mambo ambayo usiku wa manane mtu huyadhania kuwa malaria au chakula kilichochacha. Kiuasumu chake hakipo. Madaktari huusaidia mwili upambane, na si kila mwili hushinda.

Yafaa pia kukumbuka jinsi nyumba zetu nyingi zilivyojengwa. Katika nyumba ya kupanga vyumba, kuta huishia kwenye dari, na juu ya dari pako wazi kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Atakayetupia vidonge juu ya chumba chake amevitupia juu ya familia zote zinazoishi humo, nazo hazina habari. Mlaji akigundua kwamba vidonge hivi vimewekwa ndani ya nyumba anamoishi, awaamshe na kuwatoa watu wote kwanza, aache milango na madirisha wazi, asirudi ndani kuvitafuta, wala asivimwagie maji, kwa kuwa maji huzidisha gesi. Yeyote anayejisikia vibaya apelekwe kituo cha afya usiku uleule, na neno "vidonge vya nafaka" litajwe mapokezini bila haya.

Nafthalini, yaani vile vipira vyeupe vya kuzuia nondo kabatini, huuzwa pia kwa ajili ya popo. Ili mvuke wake uwaudhi popo katika dari nzima, kingehitajika kiasi ambacho kingewadhuru kwanza walio chini. Kwa watoto wachanga ipo hatari ya pekee: wako wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali isiyo ngeni katika maeneo yenye malaria, nao wakivuta mvuke wa nafthalini chembe zao nyekundu za damu huweza kupasuka. Wazazi wengi hawajui kama mtoto wao ana hali hiyo. Ama vile vifaa vya umeme vinavyodaiwa kufukuza wanyama kwa sauti isiyosikika na binadamu, neno letu ni kwamba fedha hiyo ingenunua saruji na wavu, vitu ambavyo kazi yake huonekana.

Je, popo huleta maradhi?

Hofu hii imeongezeka tangu ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa mkoani Kagera mwezi Machi 2023, na tena Januari 2025. Ni hofu yenye chanzo, lakini huelekezwa pasipostahili. Popo anayejulikana kuhifadhi kirusi cha Marburg ni aina ya popo mkubwa kiasi, mla matunda, ambaye hukaa kwa makundi ndani ya mapango na migodi. Siye yule mdogo mla wadudu aliye chini ya bati lako. Tahadhari inayomhusu ni kutoingia mapangoni bila kinga, kutokamata wala kula popo, na kutokula tunda lililokwisha kung'atwa.

Kwa popo wa darini yako mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni kuumwa au kukwaruzwa. Hapa kwetu kichaa cha mbwa, kama jina lake linavyosema, huletwa na mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mnyama huyo. Hata hivyo popo hubeba virusi vya ukoo huohuo. Mwaka 2007 mgeni kutoka Uholanzi alikwaruzwa usoni na popo mdogo alipokuwa mapumzikoni Tsavo Magharibi, Kenya. Hakupata chanjo, na alifariki baada ya kurejea kwao. Matukio ya namna hiyo ni machache mno, lakini kinga yake ni rahisi kiasi kwamba hakuna sababu ya kuipuuza: jeraha, hata likiwa mkwaruzo usiotoa damu, lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali kuulizia chanjo siku hiyohiyo.

Popo aliyeanguka sakafuni asishikwe kwa mkono mtupu. Mfunike kwa boksi, pitisha kadibodi chini yake, umpeleke nje na kumwacha kwenye shina la mti, juu kidogo. Popo wa mabati hupata shida kuruka kutoka ardhini. Akipata mahali pa kujiangusha, huondoka mwenyewe.

La pili ni vumbi. Katika kinyesi kilichokaa muda mrefu huweza kuota kuvu ambalo mtu akivuta vumbi lake hupata ugonjwa wa mapafu uitwao histoplazmosi. Kwa hiyo kinyesi cha darini kisifagiliwe kikiwa kikavu. Fungua matundu hewa ipite, vaa barakoa inayobana vizuri, glavu na nguo ya mikono mirefu, nyunyiza maji yenye sabuni mpaka rundo lilowe, ndipo uzoe kwa koleo na kutia kwenye mifuko. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kupanda. Na kanyaga boriti, si ubao wa dari; fundi yeyote atakusimulia juu ya waliosahau hilo.

Kumtoa popo bila kumuua

Sasa turudi kwenye lile tundu. Popo mdogo hupenya mahali pasipotosha kidole kunenepa: mwanya kati ya mawimbi ya bati na ukuta, chini ya kofia ya paa, au ubao wa ukingoni ulipopinda na kuachana na ukuta. Hatafuni kama panya ili ajitengenezee njia. Hutumia ile aliyoikuta. Akifungiwa njia hiyo akiwa nje, mambo yamekwisha. Kazi yote ni kuhakikisha kwamba yuko nje kweli.

Ziba kwanza mianya mingine yote isiyotumika. Tumia saruji kwenye ukuta, wavu mgumu wa waya kwenye matundu ya hewa ili paa liendelee kupumua, na silikoni au povu la kuzibia kwenye nyufa nyembamba. Ache tundu kuu peke yake. Juu ya tundu hilo ning'iniza kipande cha wavu wa plastiki kama ule wa madirishani. Kifunge kwa juu na pembeni, lakini upande wa chini ukae wazi, ukishuka kiasi cha nusu mita chini ya tundu. Popo anapotoka huteleza chini ya wavu na kuruka zake. Anaporudi alfajiri hufuata harufu hadi kwenye tundu lenyewe, hukuta wavu, na hajui kuzunguka kwa chini. Baada ya usiku mmoja au mbili huhamia kwingine. Uache wavu kwa muda wa wiki moja, kaa tena nje jioni mbili kuhakikisha kwamba hatoki hata mmoja, kisha ung'oe wavu na kuziba tundu siku hiyohiyo.

Wapo wanaoziba tundu mchana, popo wote wakiwa ndani. Hilo ni kosa kubwa. Wanyama hao hutafuta upenyo wowote, wakashuka sebuleni kupitia tundu la taa, na wanaoshindwa kutoka hufa na kuoza juu ya dari. Harufu ya siku hizo hushinda ya mkojo wa mwaka mzima.

Kosa la pili hutokea majira ya mvua, wadudu wanapokuwa wengi na popo wengi huzaa. Popo mama huzaa, kwa kawaida, mtoto mmoja kwa mara moja, naye hawezi kuruka kwa wiki kadhaa. Humwacha darini akienda kuwinda. Wavu ukitundikwa wakati huo mama hatorudi na mtoto atakufa. Namna ya kujua ni kusikiliza baada ya wakubwa kuondoka: kukisikika milio membamba ndani ya dari usiku, ahirisha kazi kwa miezi miwili hivi. Ni muda mrefu kwa mtu aliyechoka na harufu, tunakubali. Lakini kazi hii hufanyika mara moja, ilhali sumu hurudiwa kila mwaka kwa sababu tundu linabaki wazi.

Gharama ni jambo la wapangaji na wenye nyumba, na hapo tumeona magomvi yasiyo ya lazima. Mianya ya paa ni sehemu ya jengo, si ya matumizi ya mpangaji, kwa hiyo ni haki kuanza kwa kumwarifu mwenye nyumba kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, pamoja na picha. Mkikubaliana kwamba mpangaji alipie matengenezo na kukatwa kwenye kodi, andikeni hilo kabla ya fundi kupanda juu.

Komba si wa kufukuzwa kwa mawe

Watu wa pwani wanamjua komba kwa masikio kabla ya macho. Kilio chake cha usiku, kinachofanana na cha mtoto mchanga, kimewatia hofu wageni wengi, na wagema wanamjua kwa uzoefu wake wa kupanda minazi kuonja tembo lililotegwa kibuyuni. Ni mnyama wa jamii moja na nyani na kima, japo ni wa usiku na macho yake ni makubwa mno kwa uso wake. Hula wadudu, matunda na utomvu wa miti. Komba mmoja, yule wa Rondo, hapatikani popote duniani isipokuwa Tanzania, na misitu ya Pande na Pugu iliyo kando ya Dar es Salaam ni miongoni mwa makazi yake machache. Huyo hutarajii kumkuta darini. Lakini komba wa kawaida anayetembea juu ya bati lako anahitaji hifadhi kwa kiasi chake, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata wala kumfuga mnyamapori bila kibali. Wale wanaouza watoto wa komba barabarani wanamwuzia mlaji kosa la jinai.

Mara nyingi komba hakai ndani ya nyumba, hupita tu. Punguza matawi yanayogusa paa, fika umbali wa mita mbili hivi, na utakuwa umemkatia barabara. Taka zenye maganda ya ndizi na maembe zikae kwenye pipa lenye kifuniko. Usimlishe. Tunajua inavutia kumwona akishika kipande cha papai kwa vidole vyake vidogo, na hoteli kadhaa za pwani zimelifanya jambo hilo kuwa burudani, lakini komba aliyezoea mkono wa mtu huja kuuma mkono usio na kitu. Ukimkuta mtoto wa komba peke yake juu ya tawi, mwache. Mama humbeba mwanawe kwa mdomo na kumwegesha mahali anapokwenda kula, kisha humrudia.

Kanu naye, mwembamba mwenye madoa na mkia wa pete, hufuata kuku na panya. Banda lililofungwa vizuri usiku humaliza habari yake.

Kuhusu popo wakubwa wanaoning'inia barazani na kuangusha kokwa za kungu juu ya gari, hakuna tundu la kuziba. Hao hutafuta kivuli cha usiku cha kulia matunda waliyochuma. Taa ikiachwa inawaka pembeni mwa baraza kwa usiku kadhaa, au vipande vya kitambaa chepesi vikining'inizwa pale wanapokaa, wengi huhamia mtini. Yule anayelia usiku kwa mlio mmoja mmoja kama kengele ndogo, ukadhani ni chura, ni dume wa aina hiyo anayeita majike. Hao ni miongoni mwa wanaochavusha maua ya mbuyu na msufi, yanayofunguka usiku.

Ukiamua kumlipa mtu

Yako mazingira yanayohitaji mtaalamu: paa refu, ghorofa, au panya waliothibitika. Mtoa huduma wa kweli huomba kwanza kuiona nyumba, na hupenda kujua ni mnyama gani. Anayetaja bei kwa simu kabla ya kuuliza lolote anauza dawa, si huduma. Mwombe kibali chake cha kufanya kazi ya kudhibiti visumbufu, na jina la kiuatilifu atakachotumia, si "dawa ya kizungu" wala "dawa kali". Mtake akuonyeshe chombo chenyewe kikiwa na lebo: jina la kiambato, namba ya usajili, tarehe ya mwisho wa matumizi, maelezo unayoweza kuyasoma, na mstari wa rangi chini ya lebo. Mstari mwekundu maana yake ni sumu kali sana, na hauna nafasi katika nyumba wanamolala watu. Wa njano hufuatia, kisha buluu, na kijani ndiyo hafifu kuliko zote, japo nayo si maji. Chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, kiuatilifu kisichosajiliwa hakiruhusiwi kuuzwa, hata kikiwa na sifa nzuri kiasi gani mtaani.

Muulize pia ni lini mtaweza kurudi ndani, na aandike jibu lake kwenye stakabadhi. Stakabadhi yenyewe ieleze kazi iliyofanyika, isiishie kwenye neno "fumigesheni". Kama kazi ni popo, sehemu kubwa ya malipo iwe ya kuziba, na salio lilipwe baada ya zile jioni mbili za kukaa nje na kuangalia.

Mlaji aliyeuziwa vidonge au unga usio na lebo asivitupe chooni wala jalalani, na asivirudishe sokoni. Avitie ndani ya chombo kikavu chenye kifuniko, akiweke nje ya nyumba mahali penye kivuli pasipofikiwa na watoto wala mvua, apige picha, kisha awasiliane na ofisi yetu ya kanda au afisa kilimo wa kata. Hatumshitaki aliyenunua kwa kutokujua. Tunachohitaji kutoka kwake ni mahali na siku aliponunua, ili wakaguzi wafike kwenye meza hiyo kabla ya mnunuzi mwingine.